Mleta uzi, USITUPE hizo kaseti. RAID siyo bekapu

Mkuu, salamu baadaye. Hayo maboksi ya kaseti yarudishe ndani kwanza.

Umeuliza mambo matatu: siku ya mtu wa kanzidata inakuwaje, usingizi unapatikana au ndiyo basi, na hobi gani inamfaa mtu anayekesha na seva. Halafu chini kabisa umetupia kwamba kaseti mia mbili za marehemu babu yako umeshaanza kuzihamishia kwenye kompyuta, utaziweka kwenye boksi la diski nne za TB 4 lenye RAID 5 (diski zinaunganishwa, moja ikifa nyingine zinafidia), na mwisho wa mwezi maboksi yanapanda gari la taka ili nyumba ipumue. Na jamaa aliyekujibu hapo juu akakupongeza, eti "RAID 5 unalala fofofo". Nimesoma hiyo nikiwa kwenye daladala, nimeshuka kituo cha mbele.

Mimi ni DBA, yaani msimamizi wa kanzidata. Nalipwa kuhakikisha data za watu hazipotei, kwenye programu za kanzidata za Oracle na PostgreSQL, mchana na usiku. Za kwangu zilipotea. Cheka tu, nimeshazoea, ofisini ndiyo hadithi wanayowasimulia wageni siku ya kwanza.

Hobi yangu ilikuwa hiyo hiyo yako. Mjomba alikuwa na sanduku la kaseti Pangani. Mlikuwa na taarabu za Black Star na Lucky Star, vikundi vya Tanga, vipindi alivyonasa kutoka RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam), maulidi, harusi za ukoo, na barua za sauti. Wadogo humu hamzijui. Ndugu aliyekwenda Maskati alikuwa anakaa na redio kaseti yake, anaongea upande A, anageuza, anaongea upande B, kisha kaseti anampa mtu anayerudi nyumbani. Bibi naye anajibu kwa njia hiyo hiyo. Sasa taarabu za Tanga hata ukizipoteza utaokota kwa watu, nyingine ziko mtandaoni. Bibi anayemuuliza mwanawe kama huko Uarabuni anapata dagaa, hiyo utaidaunilodi wapi?

Na kazi niliifanya kwa adabu. Deki la kaseti la mtumba, hedi (kichwa kinachosoma kaseti) nasafisha kwa spiriti, mkanda wa mpira unaozungusha deki nimebadilisha, pembe ya hedi narekebisha kaseti kwa kaseti mpaka sauti inafunguka. Kila faili likapewa jina: nani anaongea, mwaka gani, upande upi. Nikaunda na jedwali kwenye PostgreSQL, maana sisi hata orodha ya sokoni tunaiwekea ufunguo msingi, yaani namba ya kutofautisha kila mstari.

Nikaenda Kariakoo kutafuta pa kuhifadhi. Duka silitaji. Kijana wa pale akaniambia: "Bosi, diski moja ikifa unachomoa, unachomeka nyingine, data haipotei maisha." Maisha! Mtu huyo huyo anauza chaja za simu na mashine za kunyolea, mimi mambo haya nimeyasomea darasani, na bado nikatoa hela nikamshukuru. Kazini mkubwa wangu, mtu wa miaka mingi kwenye fani, akamalizia: "Sasa makaseti ya nini tena? Mtu wa IT unafuga ukungu?" Huyo ndiye simsamehi. Muuzaji anatafuta riziki, lakini wewe mkubwa unajua kabisa tofauti ya RAID na bekapu, ukanyamaza kwa sababu utani wako ulikuwa unachekesha zaidi.

Usidhani niliweka mahali pamoja tu. Nilikuwa na diski ya nje, na skripti ya rsync (programu ya kunakili faili) inayokimbia kila usiku wa manane ikiwa na --delete, yaani kisichopo kwenye boksi kinafutwa na kwenye diski ya nje, ili pande zote mbili zifanane. Nikajiona mjanja. Kaseti zikapanda gari la taka.

Kilichofuata kisome polepole.

Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Unajua zile siku. Boksi likawaka lakini diski moja ikagoma, na lile eneo la data halikujipachika kwenye mfumo. Folda ipo, ndani tupu. Skripti yangu haijui habari za umeme. Saa yake ilipofika ikaangalia chanzo, ikakuta folda tupu, ikafanya nilichoiamuru: ikahakikisha pande zote mbili zinafanana. Diski ya nje ikafutwa mpaka faili la mwisho, bila kelele, na ripoti ikaja kwamba kazi imekwisha salama. Rsync ikikutana na hitilafu ya kusoma huwa inasitisha ufutaji, lakini folda tupu siyo hitilafu. Folda tupu ni folda tupu.

Mimi sikuangalia. Akili yangu ilikuwa kwenye boksi. Nikanunua diski mpya, nikachomeka, boksi likaanza ujenzi wa kurudisha data ya ile iliyokufa, nikaenda kulala. Katikati ya ujenzi diski ya pili ikafa, na RAID 5 inavumilia kifo cha moja tu, kwa hiyo data yote ikaondoka. Diski zote nne nilizinunua siku moja, duka moja, toleo moja, zimefanya kazi saa zile zile na kupigwa na umeme ule ule. Ulitegemea zifie miaka tofauti?

Halafu hapa ndipo mke wangu hucheka mpaka machozi. Wakati boksi linajijenga upya, nilichungulia diski ya nje nikakuta ina nafasi kubwa. Nikafurahi! Nikasema kumbe nafasi ilikuwepo siku zote. Nikaijaza tamthilia za Kituruki, misimu mizima, juu ya sauti ya bibi.

Baadaye nilipitisha PhotoRec. Ile programu inaokota mabaki lakini hairudishi majina, faili linakuja na herufi f na tarakimu. Nina vipande. Kimoja mtu anakohoa, anasema "haya, mpe salamu," kinakatika. Lile jedwali langu la PostgreSQL lilikuwa kwenye laptopu, likapona lote. Kwa hiyo ninayo katalogi safi, yenye faharasa na kila kitu, ya vitu visivyokuwepo. Ukiiuliza swali inajibu haraka sana.

Sasa nyie mnaosema RAID 5 unalala. RAID ipo ili huduma isisimame diski moja ikifa saa nne asubuhi watu wakiwa foleni. Basi. Ukifuta faili kwa bahati mbaya inafuta kwa uaminifu kwenye diski zote. Mwizi akibeba boksi anabeba diski zote. Na hesabu ya diski nne za TB 4 ni hii: moja ikifa, ujenzi unasoma tatu zilizobaki zote, yaani TB 12. Diski nyingi za kawaida karatasi ya mtengenezaji inakubali kosa moja la kusoma kwa kila TB 12.5 hivi. Kweli nyingi zinafanya vizuri kuliko karatasi, lakini mimi kumbukumbu za ukoo siziwekei kamari.

Na hata hiyo TB 12 ya nini? Piga hesabu, wewe si mtu wa data? Kaseti ya C60 ukiirekodi kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya stereo, biti 16, kHz 44.1, inakula kama MB 635. Mia mbili ni kama GB 127. Ukizigeuza FLAC, aina ya faili linalobana sauti, zinapungua bila kupoteza hata tone la sauti. Unakodi lori kubeba kilo ya sukari. Bei ya hilo boksi inanunua diski za nje tatu na chenji ya kula kuku.

Kanuni yangu ni moja tu, na vijana wa kwetu nawakaririsha: HUJAREJESHA, HUNA. Kuona faili lipo hakutoshi, na ripoti kusema "imekamilika" hakutoshi. Chukua nakala, ipeleke kwenye mashine nyingine ambayo haijawahi kuona data hiyo, ifungue, isikilize. Ikicheza, unayo. Kabla ya hapo una matumaini.

Hili siyo la kaseti tu, ndiyo kazi yenyewe uliyoajiriwa. GitLab, kampuni inayohifadhi kodi za waandishi wa programu, tarehe 31 Januari 2017, fundi wao alikuwa anahangaika na kanzidata ya akiba iliyobaki nyuma, akafuta saraka ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya akiba. Wakageukia bekapu. Kumbe pg_dump, programu ya kutoa nakala ya kanzidata ya PostgreSQL, ilikuwa inafeli kimya kimya kwa sababu inatumia toleo 9.2 na kanzidata ni 9.6, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni picha ya diski aliyoipiga mtu kwa mkono kama saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kampuni nzima ya watu wenye akili, walikuwa na njia kadhaa za bekapu, hakuna aliyekuwa anazijaribu kuzirejesha.

Na replika, yaani seva ya akiba inayoiga ile kuu papo hapo, siyo bekapu vilevile. Ukiandika DELETE (amri ya kufuta) ukasahau WHERE (sehemu inayosema kipi kifutwe), seva ya akiba inaipokea kabla hujatoa kidole kwenye kitufe. Na pg_dump haibebi watumiaji wala nywila zao, hao unawachukua kwa pg_dumpall --globals-only. Utalijua hilo lini? Siku ya kurejesha. Sasa chagua siku hiyo iwe Jumatano tulivu uliyoipanga mwenyewe, au iwe tarehe ya mishahara mkurugenzi amesimama mgongoni kwako anapumua.

Kwa kaseti zako: nakala tatu, aina mbili za chombo, moja ikae nje ya nyumba. Hiyo 3-2-1 aliyeieneza siyo hata mtu wa kanzidata, ni mpiga picha Mmarekani anaitwa Peter Krogh. Ya nje ya nyumba mpe dada yako Morogoro, usimwekee skripti yoyote, diski ikae kabatini imezimwa. Kama lazima utumie --delete, skripti ianze na mountpoint -q (amri ya kuangalia kama diski imepachikwa), chanzo kisipokuwepo isimame, na uiwekee --max-delete, kikomo cha faili za kufuta. Tengeneza alama za uhakiki kwa sha256sum (inatoa alama ya kila faili, faili likiharibika alama hailingani), uzihifadhi pamoja na faili. Mara moja kwa mwaka mwambie dada achague faili lolote bila kukuuliza, alicheze, akutumie kwa WhatsApp. HUJAREJESHA, HUNA.

Na kaseti zenyewe hata ukishafanya yote hayo bado usizitupe. Zisimamishe wima kwenye kasha la plastiki, mbali na spika na unyevu. Zina miaka mingi kuliko diski yoyote utakayoinunua mwaka huu, na bado zinacheza.

Siku ya DBA? Asubuhi unaangalia bekapu za usiku, nafasi ya diski, hoja (maswali yanayoulizwa kanzidata) zinazokokota. Mchana ni watu wanaotaka haki za kuingia kwenye majedwali wasiyoyahitaji. Mabadiliko makubwa yanafanywa usiku wateja wamelala, kwa hiyo na wewe utalala wakilala wateja wako, yaani hulali. Hobi unayo tayari, usiibadilishe. Ila usinunue boksi.

Kama uko Dar na deki linakusumbua ni-PM. Ninalo, limekaa halina kazi, na mikanda ya ziada ninayo miwili. Njoo na kaseti zile zenye sauti za watu kwanza, miziki itasubiri. Tena njoo kabla ya huo mwisho wa mwezi wako.