Miaka miwili nikilala na kachupa chini ya mto

Jana saa saba usiku nilipata meseji ya dada mmoja wa Kisumu, anasema sprei ya pua imemwishia, kemisti zote zimefunga, amekaa kitandani anapumua kwa mdomo kama mbuta ametolewa majini saa hiyo hiyo. Nilicheka, halafu nikasikia uchungu, kwa sababu huyo ni mimi kabisa.

Mnajua mimi nauza mitumba hapa Nakuru, majaketi na masweta, na yeyote amewahi kufungua belo analijua lile vumbi. Julai 2022, baridi ile yetu ya kuuma mifupa, nikashikwa na homa, pua ikaziba pande zote mbili. Nikaingia kemisti, kijana akanipa kachupa, akaniambia "mathe, piga mara mbili kila upande". Basi. Hakuongeza neno. Nikapiga, na aki ya nani, dakika chache tu hewa ikapita mpaka nikaisikia baridi nyuma ya macho. Siku hiyo nilimpenda huyo kijana. Siku hizi nikipita pale naangalia upande mwingine, bado nina kinyongo, ingawa ile karatasi ndani ya boksi ilikuwa imeandika kila kitu na mimi nikaitupa. Kwani nani husoma hiyo karatasi?

Homa ikaisha, sprei ikabaki. Mwanzo asubuhi na jioni, halafu kila saa nne, halafu nikawa na chupa tatu, moja kwa aproni ya sokoni, moja kwa mkoba, moja chini ya mto. Usiku nilikuwa naishika hiyo ya mto naitikisa karibu na sikio nisikie imebaki ngapi, na ikiwa karibu kuisha naimulika na tochi ya simu, mtu mzima, saa tisa usiku, nahesabu matone. Mzee wangu akaanza kuniita mlevi wa pua mbele ya wageni. Alikuwa anatania lakini iliniuma na bado inaniuma, nikawa najificha chooni kupiga. Harufu nayo ikapotea, githeri iliungua nikiwa hapo hapo jikoni.

Kilichonipeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo ni presha, nilipimwa ikawa juu na nesi akauliza kama kuna dawa natumia, nikasema hakuna. Sprei sikuihesabu kama dawa jamani! Daktari akamulika ndani akasema nyama za pua zimevimba na zimekuwa nyekundu, na kinachoziziba sasa si homa, ni dawa yenyewe. Alinieleza hivi: hizi sprei za kuzibua haraka, za zailometazolini au oksimetazolini (angalia boksi lako), zinabana mishipa ya damu ndani ya pua, nyama zinanywea, hewa inapita. Ukizidisha siku nyingi mishipa inazoea, dawa ikiisha nguvu inafura kuliko mwanzo, unapiga tena, inafura tena. Kwa hivyo mimi nilikuwa nanunua ugonjwa kwa pesa yangu. Akasema sprei za aina hiyo ni za siku tatu, tano hivi, na mwenye presha aulize daktari kabla hata hajaanza.

Sasa nilivyoacha. Niliacha upande mmoja kwanza. Tundu la kulia nikalinyima kabisa, la kushoto likaendelea kupata, ili angalau nipumue na moja usiku. Daktari akaniandikia sprei nyingine ya steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe, ile ya flutikasoni, hiyo si ya kufungua papo hapo, unapiga kila siku na inachukua siku kadhaa ndio uone, kwa hivyo usiitupe siku ya pili ukisema haifanyi kazi. Unaelekeza upande wa sikio, si kwa ukuta wa katikati, mkono wa kushoto kwa tundu la kulia. Na maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai kwa kikombe cha maji yaliyochemka yakapoa. Yaliyochemka, narudia, maji ya mfereji mabichi usiingize puani kabisa, yanaweza kuwa na vijidudu vya kufika kwa ubongo. Na mito miwili kichwani.

Usiku wa tatu na wa nne sitawadanganya. Nililala nimekaa kwa kochi na nikalia, mzee akaamka akanichemshia maji bila kusema kitu. Siku kama ya tisa tundu la kulia likafunguka lenyewe asubuhi nikiwa kwa matatu natoka Free Area. Nikaanza na la kushoto hapo hapo.

Miezi saba sasa sijagusa. Presha imeshuka, na belo nafungua nikiwa na barakoa, kwa sababu daktari alisema vumbi ndilo linanianzishia mzio. Shida yetu sisi watu wa kutafuta ni hiyo haraka, tunataka dawa ya dakika tano turudi kwa meza tuuze, pua ikiziba tunaona pesa imepotea. Acheni hiyo tabia. Homa ni wiki, vumilia wiki, kunywa chai ya tangawizi, weka maji ya chumvi, na ukifika kemisti uliza hii ni ya siku ngapi. Ukiacha na pua bado imeziba baada ya wiki kadhaa, nenda uangaliwe, kuna watu mfupa wa katikati umepinda au wameota vinyama ndani ya pua, na hapo maji ya chumvi pekee hayatoshi.

Na wewe dada wa Kisumu, kwa vile imeisha yenyewe, kesho nunua moja tu, ya kushoto. Usiku wa nne nitumie meseji, najua utakuwa macho.