Usiniambie "bonyeza kile cha kijani"

Mtu akishajua nina upofu wa rangi, swali huwa moja: "Haya, shati hili rangi gani?" Nikipatia naonekana mwongo, nikikosea ni kicheko. Jina lenyewe linapotosha. Wengi wetu tunaona rangi, ila baadhi yake zinafanana mno. Kwangu mimi kijani iliyokolea na kahawia ni pacha, na zambarau naiona bluu tu.

Macho hutambua rangi kwa aina 3 za seli za koni. Hitilafu iliyo ya kawaida zaidi iko kwenye jeni za kromosomu X, na mwanamume ana X moja tu, hana ya akiba, ndiyo maana wanaume tumezidi: kwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini ni takriban mwanamume 1 kati ya 12, mwanamke 1 kati ya 200. Mkemia John Dalton, aliyeueleza upofu wake wa rangi mwaka 1794, aliamini unatokana na ute wa ndani ya macho yake kuwa wa bluu. Alipofariki mwaka 1844 macho yakachunguzwa kama alivyoagiza. Bluu haikuwemo.

Kazini niliwahi kutumia mfumo uliokuwa na kidoti mbele ya kila ombi: kijani limekubaliwa, nyekundu limekataliwa. Wiki nzima nilidhani yote yamepita. Dawa yake ilikuwa neno "Limekataliwa" kando ya kidoti, basi.

Kwa hiyo ukibuni tovuti au programu, rangi usiiache peke yake. Fomu ikiwa na kosa, usiishie kuweka mpaka mwekundu. Andika chini yake kilichokosewa. Viungo vya kubofya kwenda ukurasa mwingine vipigie mstari. Kwenye grafu, jina la kila mstari liandike pale pale unapoishia. Kile kisanduku cha pembeni chenye rangi sita za kulinganisha kinanitesa kuliko kitu chochote, na sijui nani alikipenda. Ukihitaji rangi mbili zinazotengana, bluu na machungwa huwafaa wengi wetu. Maandishi ya kawaida yawe na utofauti wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1 na rangi iliyo nyuma yake, kama inavyotaka WCAG, miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti zitumike na watu wote.

Kisha geuza skrini yako iwe nyeusi na nyeupe, ujaribu kumaliza kazi. Ukikwama wewe, mimi nilishakwama zamani.

Chaja yangu ina kitaa kimoja: machungwa inachaji, kijani imejaa. Mpaka leo namwita mwanangu aje aniangalizie.