Karatasi za mihuri zigeuzwe hadithi

Dada, umeuliza wanao wafanyie nini karatasi zote walizogonga mihuri ya viazi, yaani viazi vilivyochongwa na kuchovywa rangi. Usizitupe! Mimi hapa Dodoma na wanangu tunazikata na kujenga mandhari ya hadithi.

Kwanza zikauke kabisa. Huku upepo haukawii kuzikausha, ila weka kokoto juu la sivyo utazifuata kwa jirani. Kisha waulize watoto kila karatasi inafanana na nini. Yenye madoa ya kidole ni ngozi ya fisi. Iliyopakwa kwa kipande cha godoro inafaa kwa gome la mbuyu, na ukikata bamia kwa upana unapata maua ya kugonga angani yakawa nyota. Watoto wachane karatasi kwa mikono. Ukingo uliochanika unapendeza kuliko wa mkasi, hasa kwenye vilima na mawe.

Bandika kwenye boksi kwa uji mzito wa unga wa ngano. Sungura na fisi usiwabandike! Wagundishe kwenye vijiti ili wahame kutoka mtoni hadi shamba la zabibu, maana hadithi ya mtoto hubadilika kila akisimulia.

Mkigonga mihuri tena, kiazi kifute kwa kitambaa kabla ya kukichovya kwenye rangi, maji yake huifanya rangi iteleze. Na ukichonga herufi, ichonge kinyume. Wangu aligonga jina lake lote likatoka kama la kwenye kioo, akanuna hadi jioni.