Umehamia Ireland na watoto? Tafuta klabu ya GAA mapema

Nawaandikia wazazi wenzangu mliofika Ireland juzi juzi, wengine kwa kazi za hospitali, wengine masomo, na kila siku kwenye magrupu ya WhatsApp mnauliza watoto watapata wapi marafiki. Jibu langu ni hili, tafuta klabu ya GAA ya parokia (yaani eneo) unayokaa. Usingoje mtoto azoee shule kwanza wala usingoje jua litoke, nenda tu.

GAA (Gaelic Athletic Association) ndio chama cha michezo ya asili ya huku, na mikubwa ni hurling na mpira wa Gaelic, ambao unachezwa kwa mikono na miguu. Hurling wanacheza watu 15 kila upande, kila mtu na fimbo yake bapa ya mti wa ash, wanagombania kijimpira cha ngozi ambacho kikipigwa sawasawa kinapita kilomita 150 kwa saa. Magoli yana umbo la H, ukipitisha mpira juu ya mwamba ni pointi 1, ukiuingiza wavuni ni goli, yaani pointi 3. Kwahiyo ukiona ubao umeandika 2-15 jua ni pointi 21. Kwenye mpira wa Gaelic tangu 2025 kuna pointi 2 ukipiga juu ya mwamba kutoka nje ya tao lililochorwa mita 40 kutoka golini, na hilo limechangamsha mechi kweli kweli.

Sasa kitu ambacho nataka ukijue kabla hujaenda uwanjani: kwa hawa watu huu si mchezo tu. Chama kilianzishwa 1884 pale Thurles, mwalimu Michael Cusack akiwa mbele, wakati Uingereza ndio inatawala na michezo ya Kiingereza ndio inaonekana ya maana. Novemba 21, 1920 majeshi ya Waingereza yaliingia Croke Park, Dublin, mechi inaendelea, wakafyatua risasi, watu 14 wakafa, na mmoja wao alikuwa mchezaji wa Tipperary, Michael Hogan, ambaye jukwaa moja la uwanja lina jina lake mpaka leo. Mpaka 1971 mwanachama akicheza soka au raga alikuwa anafukuzwa! Sisi tuliotoka nchi zilizotawaliwa tunaelewa uchungu huo bila kuelezwa sana, na mzee wa klabu akiona unaelewa, mazungumzo yanabadilika kabisa.

Halafu hakuna mchezaji anayelipwa mshahara. Yule unayemuona kwenye fainali mbele ya watu zaidi ya 80,000, wiki ijayo yuko darasani anafundisha au shambani na ng'ombe wake, na anachezea kaunti yake kwa mapenzi. Ndio maana makocha wa watoto ni majirani tu, mama wa darasa la mwanao, fundi bomba wa mtaa, na hapo ndipo mtoto wako anapata watu.

Siku ya kwanza usinunue vifaa vipya, uliza klabu wakuazime. Fimbo msimamishe mtoto wima, mikono imelegea, ncha ya juu ifike kwenye kifundo cha mkono, ikizidi hapo itamchosha. Mmoja wa wazee wa klabu yetu huwa anapiga magoti kwenye majani yenye umande anamfungia mtoto utepe wa kushikia kwenye fimbo, taratibu, mzunguko kwa mzunguko, huku anamuuliza habari za shule. Helmeti kwenye hurling ni lazima tangu 2010, kwenye mpira wa Gaelic ni kinga ya meno, hapo usibishane. Fimbo zenyewe zinapanda bei maana miti ya ash ina ugonjwa wa kuvu uliogunduliwa nchini 2012, siku hizi utaona hata za mianzi.

Mkiogopa kwamba mtoto mweusi atakuwa mgeni milele, sikilizeni mfano huu: Seán Óg Ó hAilpín alizaliwa Fiji, na 2005 ndiye alikuwa kepteni wa Cork walipochukua ubingwa wa hurling, hotuba ya kombe akaitoa kwa Kiairishi. Boidu Sayeh alizaliwa Liberia akaja kuchezea Westmeath. Maneno mabaya yapo, sitawadanganya, yakitokea ripoti klabuni siku hiyo hiyo, kwa maandishi.

Wasichana wana camogie, ambayo ni hurling yao, tangu 1904, wapelekeni na wao. Na mkiwa Cork au Armagh jumapili tokeni mkaangalie watu wanarusha tufe la chuma la gramu kama 800 barabarani, anayemaliza njia kwa mitupo michache ndio mshindi, mchezo wa zamani sana na kuangalia ni bure.

Usajili klabu nyingi hufanya mwanzoni mwa mwaka na bima ya mtoto imo humo, ila ukifika katikati ya msimu uliza tu, na kama hela ni ngumu mwambie katibu pembeni, kuna klabu zinapunguza au zinakuacha ulipe kidogo kidogo.