Maswali na Majibu ya Teknolojia: Monita Inayozimika na Kuwaka Yenyewe

SWALI: Ndugu Mshauri, nimeunganisha laptopu yangu na monita ya 4K kupitia adapta ya USB-C yenye tundu la HDMI. Kila baada ya dakika chache monita huwa nyeusi kwa sekunde mbili hivi, kisha picha hurudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Wakati mwingine, kabla haijazimika, vinukta vyeupe hurukaruka juu ya picha, hasa penye rangi nyeusi. Skrini ya laptopu yenyewe imetulia. Fundi ameniambia kwamba monita imekufa na ameshauri ninunue nyingine, ingawa tulipoijaribu kwenye kompyuta ya mezani ya mwenzangu haikuzimika hata mara moja. Je, nimsikilize?

Mhasibu anayefanyia kazi nyumbani

JIBU: Usinunue monita, walau si sasa. Monita iliyokufa haifufuki kwa kuhamishiwa meza nyingine, na dalili zote mbili ulizozieleza zinahusu njia inayopitisha picha, yaani kebo na adapta, kuliko kifaa kinachoipokea.

Kuzimika kwa sekunde chache na kurudi ni alama ya muunganisho uliokatika. Monita ikipoteza mawimbi hata kwa kitambo kidogo sana, picha hairudi papo hapo, kwa sababu vifaa viwili hulazimika kwanza kupatana upya juu ya ukubwa wa picha na kasi yake, na mapatano hayo ndiyo yanayokula zile sekunde mbili za giza. Vinukta vyeupe ni hatua moja kabla ya hapo. Katika HDMI ya matoleo hadi 2.0, data ya picha husafiri bila utaratibu wa kurekebisha makosa. Biti iliyoharibika njiani huonyeshwa jinsi ilivyofika, nayo huonekana wazi zaidi penye weusi. Makosa yakizidi, monita hushindwa kabisa kuyafuata mawimbi. Ungeniambia kwamba nusu moja tu ya skrini inatikisika, au kwamba kuna mstari wa wima usiohama, ningeanza kuishuku monita, lakini hayo hukuyataja.

Inafaa uelewe kwa nini kebo inayoonekana nzima inaweza kuleta usumbufu huu. Picha ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani karibu milioni 8.3, na kwa kasi ya hezi 60 pikseli hizo zote hutumwa mara 60 kila sekunde. Ukijumlisha nafasi tupu zinazotumwa baina ya picha moja na nyingine, pamoja na biti za ziada za usimbaji, kebo ya HDMI hubeba takriban gigabiti 17.8 kwa sekunde, ilhali ukomo wa HDMI 2.0 ni gigabiti 18. Hapo hakuna nafasi ya kupumulia. Kebo iliyokunjwa sana karibu na ncha, plagi isiyoingia hadi mwisho, au adapta iliyopata joto kupita kiasi inatosha kuharibu mambo. Picha ya 1920 kwa 1080 kwa hezi 60 hudai robo tu ya mzigo huo, na ndiyo maana kebo ileile huweza kuhudumia monita ya zamani kwa miaka bila lawama, kisha ikaonekana mbovu siku monita ya 4K inapofika mezani.

Kwa hiyo jaribio la kwanza halina gharama yoyote: punguza mzigo. Katika Windows, fungua Mipangilio, nenda kwenye Mfumo, kisha Onyesho, halafu katika mipangilio ya kina ya onyesho chagua monita ya nje na ushushe kasi kutoka hezi 60 hadi 30. Kwenye Mac, kasi hiyo hubadilishwa katika mipangilio ya mfumo, sehemu ya maonyesho. Fanya kazi zako kama kawaida kwa muda ambao kwa desturi monita ingekuwa imekwisha kuzimika mara kadhaa. Ikitulia, mshukiwa ni kebo au adapta, na monita haina hatia. Usibaki kwenye hezi 30 kama suluhisho la kudumu, kwani kishale cha kipanya kitaonekana kikiburuzika na macho yatachoka. Hilo ni jaribio tu.

Muulize pia mwenzako kompyuta yake ilikuwa ikituma picha ya ukubwa gani, na mlitumia kebo ipi. Kompyuta yenye HDMI 1.4 haiwezi kupita hezi 30 kwa picha ya 4K, na kama ndivyo ilivyokuwa, jaribio lenu halikuipima monita wala kebo kwa mzigo kamili. Ni kosa linalofanyika hata kwenye meza za mafundi: kifaa hujaribiwa kwa kazi nyepesi, kikafaulu, kisha lawama ikaangukia kifaa kingine.

Baada ya hapo badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha kebo, adapta na draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuendesha kifaa) kwa mkupuo, hutajua ni kipi kilichoponya, na tatizo likirudi utaanza upya. Mimi ningeanza na adapta. Tundu la USB-C kwa kawaida hutoa mawimbi ya DisplayPort, mfumo mwingine wa kupitisha picha tofauti na HDMI, na adapta ya HDMI ina chipu ndani yake inayoyageuza mawimbi hayo, kazi inayozalisha joto. Iguse baada ya nusu saa ya kazi. Ikiwa ni ya moto na kuzimika huongezeka kadiri muda unavyokwenda, umepata jibu karibu lote. Zile adapta zenye matundu mengi zina kasoro nyingine: baadhi yake hugawa njia nne za kasi za USB-C, mbili zikabeba picha na mbili zikabeba data za USB, na kwenye laptopu nyingi njia mbili hazitoshi kwa 4K ya hezi 60. Ikiwa monita yako ina tundu la DisplayPort, kebo moja inayotoka USB-C moja kwa moja hadi DisplayPort ni chaguo bora kuliko adapta na kebo ya HDMI kwa pamoja, kwa sababu mawimbi hayageuzwi njiani na viungo vinavyoweza kulegea vinapungua.

Ukilazimika kununua kebo ya HDMI, usidanganywe na unene wake wala rangi ya dhahabu ya ncha zake. Tafuta kwenye pakiti lebo ya uthibitisho: Premium High Speed hupimwa kwa gigabiti 18 kwa sekunde, na Ultra High Speed kwa gigabiti 48. Nunua fupi inayokutosha. Kebo ya mita mbili ina nafasi kubwa ya kufaulu kuliko ya mita tano kwa mzigo uleule, na urefu unaobaki ukiviringishwa nyuma ya meza hauna faida yoyote.

SWALI: Kwangu skrini zote mbili zinacheza, ya laptopu na ya nje, tangu Windows ilipojisasisha. Nimebadilisha kebo bila mafanikio.

JIBU: Kebo haikuwa na nafasi ya kukusaidia, kwa kuwa skrini ya ndani haiitumii. Skrini zote mbili zikiugua siku moja, tatizo liko mahali zinapokutana, nalo ni programu au chipu ya michoro. Microsoft yenyewe hupendekeza kipimo kizuri: bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua dirisha la kusimamia kazi zinazoendelea, kisha litazame wakati skrini inacheza. Dirisha hilo likicheza pamoja na kila kitu kingine, mshukiwa ni draiva ya michoro. Likitulia huku vingine vikicheza, mshukiwa ni programu mojawapo, na hapo huanza kwa kufunga programu zinazobadilisha rangi za skrini au kuchora juu ya madirisha mengine.

Kwa kuwa shida yako ilianza na sasisho, nadhani utaikuta kwenye draiva. Kabla ya chochote, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Ctrl, Shift na B; skrini itazimika kidogo, pengine utasikia mlio, na draiva itaanza upya bila kazi zako kupotea. Kisha fungua orodha ya vifaa vya kompyuta, ingia kwenye sifa za chipu ya michoro na, katika sehemu ya draiva, chagua kurudisha toleo lililotangulia. Kitufe hicho kikiwa kimefifia maana yake ni kwamba toleo la zamani halikuhifadhiwa, na utalazimika kulipakua kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu. Nasema mtengenezaji wa laptopu kwa makusudi: draiva ya jumla ya mtengenezaji wa chipu mara nyingi ni mpya zaidi, lakini ile ya mtengenezaji wa laptopu imejaribiwa na skrini hiyo hiyo na mipangilio yake ya kuokoa betri.

SWALI: Utanicheka, lakini monita yangu huzimika kila mwenzangu anapoinuka kwenye kiti chake. Je, inawezekana?

JIBU: Sikucheki hata kidogo. Jambo hilo linajulikana, na kampuni ya DisplayLink, inayotengeneza teknolojia ya kuunganisha monita kupitia USB, imelieleza katika maelekezo yake kwa wateja. Viti vya ofisi vinavyopanda na kushuka kwa mtungi wa gesi huweza kutoa msukumo wa mawimbi ya sumakuumeme mtu anapoketi au kuinuka, na kebo yenye kinga hafifu huyapokea mawimbi hayo kama antena. Muunganisho huvurugika kwa kitambo, na kinachofuata ni lile giza la kupatana upya nililomweleza mhasibu. Kifaa chochote chenye mota kinapowaka au kuzimika huweza kuleta athari kama hiyo.

Tiba ni kebo fupi yenye kinga nzuri, kuiondoa karibu na nyaya za umeme, na kuivika pete ya feraiti, yaani pete inayopunguza mawimbi ya aina hiyo kwenye kebo, karibu na kila ncha. Pete hizo huuzwa zikiwa zimegawanyika mara mbili ili zibanwe juu ya kebo bila kuikata. Kabla ya kununua lolote, mwombe mwenzako abadilishane kiti na mtu mwingine kwa siku moja.

SWALI: Laptopu ikitumia betri, monita imetulia. Nikichomeka chaja, mistari hafifu hupita kwenye picha na wakati mwingine hukatika kabisa.

JIBU: Hapo suala ni umeme. Ikiwa laptopu na monita zimechomekwa kwenye soketi mbili zilizo mbalimbali, ethi zake zinaweza kuwa na tofauti ndogo ya volteji, na tofauti hiyo hutafuta njia ya kusawazika kupitia kinga ya kebo ya picha. Chomeka vifaa vyote viwili kwenye ekstensheni moja yenye ethi inayofanya kazi, kisha utazame tena. Ikiwa bado, azima chaja nyingine ya modeli ileile na yenye wati zilezile, kwa sababu chaja iliyochakaa hutoa kelele nyingi za umeme, na chaja za bandia huwa na kelele tangu zikiwa mpya. Wapo watakaokushauri ukate au ukwepe pini ya ethi ili mistari iondoke. Mistari huenda ikaondoka kweli, lakini umeondoa kinga inayokulinda usipigwe na umeme, kwa hiyo ushauri huo ukatae.

SWALI: Monita yangu haizimiki, ila mwangaza wake hupanda na kushuka ninapocheza gemu zenye sehemu za giza. Kebo ni mpya.

JIBU: Huenda ni kipengele kinachobadilisha kasi ya monita ili iende sambamba na gemu, kama FreeSync. Kasi inaporuka juu na chini ghafla, baadhi ya paneli, hasa za aina ya VA, hushindwa kushika mwangaza uleule, na rangi za kijivu kilichokoza ndizo zinazofichua udhaifu huo. Zima kipengele hicho kwenye menyu ya monita na ucheze gemu lilelile. Kikiwa ndicho chanzo, unaweza kukirudisha na badala yake kuweka ukomo wa fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde, ambao laptopu yako inaumudu muda wote, ili kasi isirukeruke.

SWALI: Basi ni lini nikubali kwamba monita yenyewe ndiyo mbovu?

JIBU: Tumia menyu ya monita yenyewe, ile inayofunguka kwa vitufe vilivyo chini au nyuma yake. Menyu hiyo huchorwa na monita, si na laptopu. Ifungue na uiache juu ya picha. Picha ikicheza huku menyu imetulia, tatizo linatoka nje. Menyu ikicheza pamoja na picha, au ikiendelea kucheza hata baada ya kuchomoa kebo ya laptopu, monita ina ugonjwa wake, na mara nyingi ni sehemu ya umeme au taa za nyuma. Kipimo hiki hakifai kwa monita inayokuwa nyeusi kabisa na kurudi, kwa kuwa baadhi ya monita hufunga menyu pamoja na picha mawimbi yanapokatika.

Ikiwa monita ina adapta yake ya umeme iliyo nje, jaribu nyingine yenye volteji ileile, plagi ileile na ampea zisizopungua, kwani hiyo ndiyo sehemu inayochoka mapema na ambayo ni rahisi kubadilishwa. Ikiwa umeme huingia moja kwa moja ndani ya monita, usiifungue mwenyewe: kapasita za sehemu ya umeme huweza kubaki na chaji ya hatari hata baada ya kuchomoa plagi, na kama dhamana haijaisha, kulegeza skrubu kunaweza kuifuta.