Swali la lugha: Maji yanagawanywa au yanavunjwa?

Swali: Natafsiri makala ya sayansi kwa wanafunzi wa sekondari. Nimeandika: "Kipitishi nusu cha oksidi ya chuma chenye miundo ya nano hugawanya maji kwa mwanga wa jua." Je, niseme kipitishi nusu au nusu kipitishi?

Jibu: Nusu kipitishi, ndugu msomaji, yaani kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi tu; wingi, nusu vipitishi. Neno nusu tulilipokea kutoka Kiarabu, nalo limezoea kutangulia: nusu saa, nusu fainali. Hapo hukukosea sana. Kinachoniudhi ni hilo "hugawanya", ninalolikuta kila inapotajwa haidrojeni.

Chukua lita moja ya maji, igawanye katika vikombe vinne. Umepata nini? Robo lita ya maji kwa kila kikombe, na kila anayepewa anakunywa. Kugawanya kunapunguza kiasi tu, hakugusi asili ya kitu. Kwenye bamba la hiyo oksidi yako ya chuma, gramu 18 za maji zinatoweka, zinapatikana gramu 2 za haidrojeni na 16 za oksijeni. Hapo hakuna tena cha kunywa. Maji yamevunjwa! Wengine huandika "kupasua". Hilo navumilia, ingawa jahazi nalo hupasua maji, na nyuma yake yanarudiana yaleyale.

Tena sentensi yako inaficha nani anafanya nini. Oksidi hiyo nyekundu, jamaa ya kutu, hunasa mwanga. Elektroni ikiruka huacha tundu, na tundu hilo ndilo linalotoa oksijeni kwenye maji. Shida ni kwamba tundu husafiri nanomita chache tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) kabla ya kufukiwa na elektroni nyingine, ilhali mwanga huzama makumi ya nanomita na zaidi. Bamba bapa likiwa nene, matundu yanafia njiani. Likiwa jembamba, mwanga unapita bure. Ndiyo maana huoteshwa vijiti vilivyosimama kama nywele za brashi: mwanga unashuka kwa urefu, tundu linatoka kupitia ubavuni, ambako njia ni fupi. Haidrojeni haitoki hapo kabisa. Hutoka upande wa pili, kwenye waya wa platini, na elektroni za oksidi hii hazina nguvu ya kuitoa mpaka ziongezewe volti kutoka nje.

Kwa hiyo andika: "Nusu kipitishi cha oksidi ya chuma, chenye vijiti vyembamba vya kupimwa kwa nanomita, huvunja maji kwa mwanga wa jua kikiongezewa umeme kidogo."