Ruhusa ya kurekodi watoto darasani: usiiombe kwa sentensi moja

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kama fomu ya "naruhusu mwanangu apigwe picha na kurekodiwa" inatosha, maana unataka kurekodi vipindi vya kusoma darasa la pili. Nimefundisha madarasa ya chini muda mrefu, na jibu langu ni hapana.

Mzazi anayesaini sentensi hiyo hajui amekubali nini. Wengi hawana shida video ikitazamwa na wewe na mwalimu mkuu, ila hawataki sura ya mtoto mtandaoni. Ukiwawekea yote kwa pamoja, wenye wasiwasi watakataa yote. Mimi hutenganisha matumizi, kila moja na mahali pake pa kusaini: tathmini ndani ya shule, mafunzo ya walimu wengine, kundi la wazazi la WhatsApp, na kuonyeshwa hadharani. Kisha naandika nani anatunza video, itafutwa lini, na kwamba mzazi anaweza kubadili mawazo wakati wowote. Mwambie pia ukweli kwamba kilichokwisha kusambaa mtandaoni hakirudishiki.

Fomu isiyorudi ni hapana. Usidhani aliyenyamaza amekubali. Wapo wasiosoma vizuri na wanaona haya kusema, kwa hiyo wasomee kwa sauti kwenye kikao cha wazazi.

Anayekataa, usimdai sababu. Mama mmoja alinikatalia kila kitu, nikaheshimu. Baadaye sana akanieleza mwenyewe kwamba alimkimbia mume aliyekuwa akimpiga, na sare ya shule tu kwenye picha ingetosha kumwonyesha yule bwana mtoto anasoma wapi.

Linalonigusa zaidi ni huyo mtoto asiye na ruhusa. Asitolewe nje, wala asiambiwe "wewe sogea" mbele ya wenzake. Badilisha mpangilio wa viti siku kadhaa kabla, kamera ielekee upande mmoja, yeye akae upande wa pili na ashiriki kipindi kama kawaida. Kumbuka sauti nayo inanaswa: ukimwita jina akajibu, kata kipande hicho kabla hujamwonyesha mtu yeyote. Angalia na majina yaliyobandikwa ukutani au kwenye madaftari. Rekodi kwa kifaa cha shule, si simu yako, na uzime kipengele kinachohifadhi mahali picha ilipopigwa.

Halafu muulize mtoto mwenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 unampa haki ya kusikilizwa katika kifungu cha 12, na kifungu cha 16 kinalinda faragha yake. Mtoto wa miaka 7 akisema leo hataki, zima kamera, hata kama babake alisaini.

Ruhusa iombwe upya kila mwaka. Orodha ya walioruhusu na wasioruhusu iweke ndani ya daftari la mahudhurio, ili mwalimu atakayekushikia darasa aione kabla hajatoa simu mfukoni.